Maisha ya Daktari Bernhard Grzimek, Aliyewahesabu Wanyama wa Serengeti

Jina la Serengeti lajulikana duniani pote, hata na watu wasioweza kuionyesha Tanzania katika ramani. Lakini mtu aliyelitangaza jina hilo kuliko wengi hakuwa mzaliwa wa nchi hii, wala hakuwa mwindaji, wala mtawala. Alikuwa daktari wa mifugo kutoka Ujerumani, mtaalamu wa kuku na mayai, ambaye alipofika umri wa miaka 48 alijifunza kurusha eropleni ili apate kuwahesabu nyumbu. Habari zake zafaa kusomwa na sisi tukaao Nyanda za Juu za Kusini, ingawa yeye alifanya kazi yake huko kaskazini, kwa maana sehemu kubwa ya kazi ile yaweza kufanywa na darasa lolote lenye mwalimu mwenye nia, kamba, daftari na kalamu.

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili, 1909, katika mji wa Neisse, jimbo la Silesia. Siku hizo mji huo ulikuwa wa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukawa wa Poland, na sasa huitwa Nysa. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye alifariki Bernhard akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1928 kijana huyo alianza kusomea udaktari wa mifugo, kwanza Leipzig na halafu Berlin. Alioa akingali mwanafunzi, akapata wana wawili, Rochus na Michael. Huyo Michael, aliyezaliwa mwaka 1934, ndiye atakayeonekana sana katika habari hizi.

Kazi yake ya kwanza serikalini ilihusu kuku, mayai na magonjwa ya mifugo. Wakati huo Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler. Kumbukumbu zaonyesha kwamba Grzimek aliandikishwa katika chama cha Nazi mwaka 1937, jambo ambalo baadaye alilikana. Kumbukumbu hizo hizo za maisha yake zaonyesha pia kwamba wakati wa vita aliwapelekea chakula Wayahudi waliokuwa wamefichwa mjini Berlin, na kwamba mwanzoni mwa 1945 polisi wa siri walipekua nyumba yake, naye akakimbia mji. Mambo hayo mawili yapo pamoja katika maisha ya mtu mmoja, na mwenye kuandika habari zake hana budi kuyataja yote mawili.

Alikimbilia Frankfurt, mji uliokuwa umekuwa magofu matupu. Bustani ya wanyama ya mji huo ilikuwa imepigwa mabomu mwaka 1944, na wanyama wengi walikuwa wamekufa. Tarehe 1 Mei, 1945, vita vikiwa bado havijakwisha kabisa, Grzimek alikabidhiwa bustani hiyo, na kabla ya miezi mitatu kupita akawa amewafungulia watu milango. Wakubwa wa mji waliona si jambo la maana kulisha wanyama wakati watu wenyewe wana njaa. Basi yeye akaleta sarakasi, wanamuziki na wachezaji katika uwanja wa bustani, watu wakaja kwa maelfu kutafuta kicheko baada ya miaka ya vilio, na viingilio vyao vikawalisha wanyama. Kazi ya ukurugenzi wa bustani hiyo aliishika mpaka mwaka 1974. Hapo ndipo alipojifunza jambo lililomfaa maisha yake yote, yaani kwamba mtu hawezi kukihurumia kitu asichokiona.

Afrika aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1951, alipokwenda Afrika Magharibi kutafuta wanyama wa bustani yake. Mwaka 1954 alisafiri na Michael kwenda Kongo. Katika safari hizo aliona kwamba pori lilikuwa linapungua upesi, na akarudi kwao akiandika kitabu juu ya wanyama wasio na mahali pa kukaa. Michael, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, akataka habari hizo zifanywe sinema. Mafundi wa sinema wa siku zile walizoea kuonyesha simba wakirukia watu na wawindaji wakiua tembo, wakawaonya kwamba sinema isiyo na damu haitaangaliwa. Ilipoonyeshwa mwaka 1956 ilipata tuzo katika tamasha la sinema la Berlin na kuleta fedha nyingi. Ndipo baba na mwana wakajiuliza fedha hizo wazitumie wapi.

Wakati huohuo huku Tanganyika palikuwa na mzozo juu ya Serengeti. Hifadhi hiyo ya Taifa iliundwa mwaka 1951, na ndani yake walikuwamo Wamasai na ng'ombe wao. Serikali ya Kiingereza ilitaka kuigawanya, upande wa mashariki pamoja na Ngorongoro uondolewe katika hifadhi, na upande wa magharibi ubaki bila watu. Grzimek aliandika kwamba yuko tayari kutoa fedha za kununua ardhi ili hifadhi iongezwe. Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa za Tanganyika wakati huo alikuwa Peter Molloy, naye alimshauri kitu bora zaidi. Watu walikuwa wakibishana juu ya mipaka, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyejua wanyama wale ni wangapi, wala wanapita njia gani kila mwaka. Wengine walisema ni zaidi ya milioni. Je, mtu atachoraje mpaka wa kuwalinda wanyama ambao hajui waendako?

Ndipo baba na mwana wakajifunza kurusha eropleni. (Nitatumia neno hilo la wazee wetu, kwa sababu katika habari hizi yuko ndege mwenye mabawa ya manyoya pia, na msomaji asije akawachanganya.) Walinunua eropleni ndogo aina ya Dornier, yenye uwezo wa kwenda polepole na kutua mahali pafupi, wakaipaka milia kama pundamilia. Desemba 1957 waliondoka Frankfurt, wakavuka bahari ya Mediterania, wakafuata mto Nile kuja kusini, mpaka wakatua katika nyika za Serengeti.

Namna walivyohesabu yastahili kuelezwa kwa urefu. Waliligawa eneo lote katika sehemu, na kila sehemu wakaigawa katika vipande vyembamba kama matuta ya shamba. Eropleni ilifuata tuta moja kwenda, na tuta la pili kurudi, ikiruka chini na kwa mwendo ule ule. Mmoja alirusha na kuangalia dira, na wengine walitazama dirishani, huyu upande wa kulia na yule upande wa kushoto, kila mmoja akihesabu wanyama wa upande wake peke yake. Kundi likiwa dogo walihesabu mmoja mmoja. Likiwa kubwa walihesabu kwa makumi au kwa hamsini, kama karani wa ghala ahesabuvyo magunia kwa mafungu. Kazi hiyo ilichosha macho na kutia kichefuchefu, kwa maana hewa ya mchana juu ya nyika ile hurusharusha chombo.

Walipojumlisha walipata wanyama wakubwa 366,980. Kati ya hao nyumbu walikuwa 99,481, pundamilia 57,199, na swala tomi pamoja na swala granti 194,654. Ile milioni iliyokuwa ikitajwa haikuonekana. Tena hawakuishia kuhesabu. Waliwakamata baadhi ya nyumbu na pundamilia, wakawavika mikanda ya rangi kali shingoni, ili wakiwaona kutoka juu baada ya majuma kadhaa wajue wametoka wapi. Walichuma majani ya mahali mbalimbali na udongo wake, wakavipeleka Ujerumani kupimwa, wakaona kwamba wanyama hawazunguki ovyo, bali huchagua mahali penye majani yenye lishe bora. Na walipochora njia za makundi juu ya ramani, njia hizo zilivuka mpaka mpya uliokusudiwa na Serikali. Mashariki, mahali pale palipokuwa paondolewe katika hifadhi, ndipo wanyama walipokwenda wakati wa mvua.

Sasa msomaji wa Soweto hapa Mbeya aweza kusema kwamba sisi hatuna eropleni. Ni kweli, lakini tunayo Kitulo. Uwanda huo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, uko juu kiasi cha mita 2,600, na kuanzia Desemba mpaka Aprili hufunikwa na maua ya kila rangi, wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Tembo hakuna huko, wala simba, na kwa darasa la wanafunzi hamsini hiyo ni faida, kwa kuwa waweza kushuka garini na kutembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Mwalimu achukue kamba ya mita nne, aifunge ncha, na wanafunzi wanne waivute iwe mraba wa mita moja kila upande. Waiweke chini mahali kumi, bila kuchagua, na wahesabu maua ya aina moja yaliyomo ndani. Tuseme katika miraba kumi wamepata maua thelathini. Basi wastani ni matatu kwa mita moja ya mraba, na kipande chenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 40 kitakuwa na maua yapata 6,000. Hiyo ndiyo hesabu ya Grzimek, ila imeteremka kutoka angani. Mwanafunzi atakayeweka kamba yake mahali penye maua mazuri tu atapata jumla ya uongo, na akiulizwa na wenzake kwa nini jumla yake imezidi zao, atajifunza jambo ambalo ubaoni lingemchukua mwalimu vipindi vitatu.

Wala si hesabu ya mchezo. Viazi vya baadhi ya maua hayo, jamii ya okidi, vimechimbwa kwa miaka mingi na kuuzwa Zambia kupitia Tunduma, huko hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Wengi wetu tunao jamaa waliowahi kuvichimba au kuvisafirisha. Kama okidi zapungua au haziishi, hilo ni swali la kuhesabiwa mwaka hadi mwaka mahali palepale, na shule iliyo karibu yaweza kulijibu vema kuliko mgeni ajaye mara moja.

Ninachowaomba walimu, kama mwandishi mdogo wa gazeti hili aruhusiwa kuomba, ni kwamba safari isifanywe kuwa ya kupiga picha na kula wali tu. Mwalimu aende kwanza peke yake, au na mwenzake mmoja, azungumze na maofisa wa hifadhi, aone njia, maji na vyoo, achague mahali pawili pa kufanyia kazi, halafu aandike maswali ya somo lake mwenyewe. Mwalimu wa jiografia ana udongo na mvua. Wa hesabu ana wastani. Wa baiolojia ana maua na wadudu. Wa Kiswahili ana majina ya miti kwa lugha za wenyeji, ambayo yanapotea kwa kasi kuliko okidi. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Gharama kubwa ni gari.

Turudi kwa Grzimek. Tarehe 10 Januari, 1959, kazi ikikaribia kwisha, Michael alikuwa akirusha ile eropleni ya milia peke yake karibu na Ngorongoro. Tumbusi mmoja aligonga bawa, chombo kikapoteza mwelekeo, kikaanguka. Michael alikufa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 24, ana mke na mtoto, na mtoto wa pili alikuwa njiani. Walimzika juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo mtu husimama na kuliona bonde lote chini yake. Baba alirudi Ulaya akamaliza kazi bila mwanawe. Kitabu na sinema juu ya Serengeti, ambavyo jina lake lasema kwamba Serengeti haipaswi kufa, vilitoka mwaka huo huo wa 1959. Mwaka 1960 sinema hiyo ilipewa tuzo ya Oscar huko Marekani, na kitabu kikafasiriwa katika lugha zaidi ya ishirini.

Mipaka, hata hivyo, ilibadilishwa vilevile mwaka 1959. Hesabu ya baba na mwana ilichelewa kuzuia jambo hilo. Upande wa mashariki ulitolewa ukawa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambako Wamasai waliruhusiwa kukaa, na wale waliokuwa Serengeti wakaondolewa na kuhamishiwa huko. Hapa hatuna budi kusema wazi. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya kweli haina wakazi, hata wenyeji wenyewe, na aliandika juu ya ng'ombe wa Wamasai kana kwamba ni adui wa nyika. Lakini nyika hiyo aliyoikuta imejaa wanyama ndiyo Wamasai waliyokuwa wakiishi na kuchungia. Yeye aliyekuwa mwangalifu hata wa kuhesabu swala hakukaa na wazee wa kuzijua njia hizo kabla yake ili awaulize vya kutosha. Hilo ni pungufu katika kazi yake, na wengi wamelisema baada yake.

Jambo hilo si la kaskazini peke yake. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoundwa mwaka 1964 kutokana na sehemu ya pori la akiba la Rungwa, iliongezwa mwaka 2008 ikachukua Usangu na bonde la Ihefu, katika wilaya ya Mbarali. Kabla ya hapo, miaka ya 2006 na 2007, wafugaji wengi na mifugo yao waliondolewa huko. Sababu iliyotolewa ilikuwa maji. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulipita mwaka mzima, ulianza kukauka kila kiangazi tangu mwaka 1993, na mto huo ndio unaopeleka maji katika mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotoa umeme. Wengine waliwalaumu ng'ombe, na wengine mashamba ya mpunga yaliyochepusha maji kwa mifereji. Mwanafunzi atokaye Mbarali amelisikia neno hili nyumbani kwao kabla ya kulisikia darasani, na yawezekana anajua pande zote mbili kuliko mwalimu wake. Darasa likisimama ukingoni mwa Ruaha mwezi wa Oktoba, ambapo viboko wamesongamana katika vidimbwi, lina haki ya kuuliza maji yamekwenda wapi, na pia kuuliza nani alikuwa akikaa hapa. Mwalimu asiliogope swali la pili.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, Grzimek, kama Wazungu wengi waliopenda wanyama, alikuwa na hofu kwamba serikali mpya italiacha pori liangamie. Mambo yalikwenda kinyume cha hofu hiyo. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la kuahidi kwamba nchi itawatunza wanyama wake kwa ajili ya wajukuu, akaomba msaada wa wataalamu na fedha. Nyerere alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake, na kijiji chake cha Butiama hakiko mbali na upande wa magharibi wa Serengeti. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kilifunguliwa chini ya Kilimanjaro ili Waafrika wenyewe wasomee kazi ya kutunza wanyama, na Jumuiya ya Wanyama ya Frankfurt, aliyoiongoza Grzimek, ilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za mwanzo. Huku kusini, Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Kalenga na Spika wa Bunge letu, alihudumu katika Bodi ya Wadhamini wa Hifadhi za Taifa katika miaka hiyo hiyo ambayo Ruaha iliundwa.

Mkurugenzi wa hifadhi aliyemfuata Molloy aliitwa John Owen. Huyu aliona jambo ambalo Grzimek hakulitilia mkazo wa kutosha mwanzoni. Grzimek aliwashawishi Wajerumani. Alipokuwa na kipindi chake katika televisheni, kilichoanza mwaka 1956, yasemekana aliwatangazia watazamaji kwamba sasa yaweza kupatikana safari ya bei nafuu ya kuja Afrika Mashariki, ilhali hakuna kampuni yoyote iliyokuwa imeipanga. Watu wakaenda kuulizia kwa wingi mpaka makampuni yakalazimika kuianzisha. Hivyo watoto wa Frankfurt waliwajua simba wa Serengeti kwa kuwaona sebuleni, wakati watoto wa Musoma na Iringa hawajawahi kuwaona. Owen alitafuta fedha ng'ambo, akajenga mabweni ya wanafunzi ndani ya hifadhi na kupanga magari, ili watoto wa shule waje walale, waone, na warudi kusimulia. Baada ya hapo yalianza mavyama ya wanafunzi wenyewe: Kenya mwaka 1968, na hapa kwetu Malihai mwaka 1980. Jina hilo la Malihai limebuniwa vizuri, na asiyelielewa alikate katikati.

Ni haki kutaja pia kwamba jumla za Grzimek hazikudumu. Mwaka 1961 wengine walihesabu tena na kupata nyumbu yapata 220,000, zaidi ya mara mbili ya wale 99,481. Nyumbu hawakuzaana kiasi hicho kwa miaka mitatu. Hesabu ya kwanza iliwakosa wengi. Halafu likatokea jambo ambalo daktari wa mifugo angalilipenda. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuua ng'ombe na nyumbu vilevile, ulizuiwa kwa kuwachanja ng'ombe walioizunguka Serengeti. Ng'ombe walipoacha kuugua, ndama wa nyumbu nao waliacha kufa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja na robo. Kwa hiyo sindano iliyodungwa ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyowaongeza nyumbu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani.

Grzimek mwenyewe aliendelea kuja Tanzania mara kwa mara mpaka uzeeni. Aliandika vitabu vingi, akasimamia kitabu kikubwa cha elimu ya wanyama chenye juzuu kumi na tatu, na kati ya 1969 na 1973 alikuwa mshauri wa serikali ya Ujerumani Magharibi katika mambo ya hifadhi ya maumbile, kazi aliyoiacha kwa kuona hasikilizwi. Kipindi chake cha televisheni kilidumu mpaka mwaka wa kufa kwake. Mara nyingi alileta mnyama hai studioni, duma au nyani, aliyekaa mezani na kumvutavuta tai ya shingoni huku yeye akisema kwa sauti ya taratibu, na mwishoni akaomba michango. Michango hiyo ya akina mama na watoto ndiyo iliyonunua magari na redio za askari wa hifadhi.

Ugunduzi mmoja wa upande wetu angeufurahia, ila hakuwahi kuusikia. Mwaka 2003 wataalamu waliokuwa wakitafiti msitu wa Mlima Rungwe walimwona nyani ambaye sayansi haikumjua, wakamtangaza ulimwenguni mwaka 2005. Habari zake walizipata kwanza kwa wawindaji wa Kinyakyusa, ambao walikuwa na jina lake tayari, yaani kipunji. Rungwe ni mwendo mfupi kwa basi kutoka Soweto.

Alikufa tarehe 13 Machi, 1987, mjini Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 77, ameketi katika sarakasi pamoja na watoto wakitazama mchezo wa chui milia. Mwili wake ulichomwa, kama alivyotaka, na majivu yakaletwa Tanzania na kuzikwa Ngorongoro, katika kaburi la mwanawe. Juu yake pana rundo la mawe lililojengwa kwa namna ya piramidi, kando ya barabara. Magari ya watalii hupunguza mwendo hapo, na siku hizi mabasi ya shule nayo husimama, wanafunzi wakashuka kusoma majina mawili na kulitazama bonde.